Keki ya Malimau kwa Siku ya Kuzaliwa ya Nyanya

(Hotuba iliyosomwa na mama mmoja wa nyumbani mbele ya kina mama wa kilabu chake pamoja na mabwana zao. Twaichapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa niseme nanyi leo juu ya kuoka keki nyumbani. Najua wamo humu waliokuja wakidhani kwamba jambo hili ni la kina mama peke yao, tena ni la wale wenye fedha nyingi na majiko ya stima. Nawaomba mabwana wasitoke. Kazi ya kuchunga makaa katika habari nitakayowaeleza ilifanywa na bwana wangu, na bila yeye keki yetu ingaliungua.

Yafaa kwanza nijibu swali ambalo wazee wengi huuliza: Siku ya kuzaliwa ina maana gani kwetu sisi? Je, hii si desturi ya wageni? Ni kweli kwamba mishumaa juu ya keki imetoka Ulaya. Wajerumani walikuwa na desturi hiyo tangu karne ya 18. Lakini kuheshimu siku aliyozaliwa mtu si jambo geni kwetu. Wakristo hukusanyika siku ya Krismasi kwa ajili ya kuzaliwa kwake Yesu. Waislamu wengi wa pwani husoma Maulidi, na Maulidi ya Lamu huwavuta watu kutoka mbali kila mwaka. Basi, keki ni chombo tu. Neno lenyewe ni kumwambia mtu mbele ya watu wake: Tunafurahi kwamba ulizaliwa.

Kosa langu mimi lilikuwa kudhani kwamba neno hilo hununuliwa dukani. Mtoto wangu wa kwanza alipotimiza miaka 5, nilichukua keki kubwa kwa mkopo, yenye maua ya sukari na jina lake juu. Watoto waliimaliza kwa muda wa robo saa. Deni lake nililipa kwa miezi mitatu, na kila nilipopita mbele ya duka lile nilitazama upande mwingine. Bwana wangu hakunigombeza, ila alisema neno moja tu: "Mtu hujikuna ajipatapo." Tangu siku hiyo niliazimia kwamba keki ya nyumba yangu itaokwa katika nyumba yangu.

Sasa nawaletea habari ya mama mkwe wangu, kwa maana keki ninayotaka kuwafundisha ilikuwa yake.

Mama huyu anakaa nasi, na watoto humwita Nyanya. Kila mtoto alipofanyiwa siku yake, Nyanya alikaa pembeni, akapokea kipande chake, akashukuru. Siku moja mwaka 2021 kitinda mimba wangu alimwuliza, "Nyanya, siku yako wewe ni lini?" Akajibu, "Mimi sina siku." Mtoto akacheka, akidhani ni mzaha. Lakini haukuwa mzaha. Katika kitambulisho chake imeandikwa tarehe moja Januari, ambayo karani aliichagua kwa sababu hakuwako mtu aliyejua nyingine. Yeye mwenyewe ajua jambo moja tu, kwamba alizaliwa wakati wa mafuriko makubwa ya mwaka 1961. Wazee watakumbuka kwamba mwaka ule, baada ya ukame, mvua za vuli zilinyesha bila kukoma, mito ikafurika, na barabara na madaraja mengi ya Kenya yakaharibika.

Nilipomwambia kwamba tungependa kumfanyia siku, alikataa. Akasema, "Mwanangu, miaka ya mzee haihesabiwi. Mnataka kujua imebaki mingapi?" Nami nilinyamaza, kwa sababu katika baadhi ya makabila yetu kuhesabu watu ni mwiko, na mwiko wa mzee haufai kuchekwa. Bwana wangu ndiye aliyepata njia. Alimwambia, "Mama, hatutahesabu kitu. Tutapika tu, nawe utakula." Kwa hilo alikubali.

KEKI ILIYOANGUKA

Nilikuwa nimepewa maelezo ya keki ya malimau na jirani yangu, mzaliwa wa Mombasa, ambaye mkono wake katika mambo ya kuoka hauna mfano. Wiki moja kabla ya siku tuliyoichagua nikafanya majaribio. Nilifuata kila neno. Keki iliumuka upesi hata nikafurahi. Kisha ikaanguka katikati kama paa la nyumba iliyoliwa na mchwa. Watoto waliila kwa kijiko. Nyanya alitazama, akasema pole, "Si lazima, mwanangu." Neno lile liliniuma kuliko kuanguka kwa keki, maana niliona kwamba alikuwa amejitayarisha kukosa.

Nilikwenda kwa jirani, naye akacheka, akanieleza. Mombasa iko kando ya bahari. Sisi wa Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu yake. Huku juu hewa ni nyepesi. Hata maji huchemka kabla ya kufika digrii 100, yaani karibu digrii 95. Kwa hiyo hewa iliyo ndani ya keki hutanuka zaidi, na matundu yake hupasuka kabla unga haujaiva na kushikamana. Dawa yake ni kupunguza kile kinachoumusha, na kuongeza maziwa kidogo. Wenzangu wa bara, lishikeni sana jambo hili. Wengi wameacha kuoka wakidhani mikono yao ni mizito, na kumbe walikuwa wakitumia kipimo cha watu wa pwani.

VITU VINAVYOTAKIWA

Mayai manne, unga wa ngano, sukari, siagi au majarini, malimau mawili makubwa, chumvi kidogo sana, maziwa vijiko viwili vikubwa, na beking pauda, yaani unga wa kuumulia keki. Kwa watu wa pwani, beking pauda iwe vijiko viwili vidogo vilivyosawazishwa. Kwa watu wa nchi ya juu, kijiko kimoja na nusu chatosha.

Tafadhali msichanganye beking pauda na hamira. Hamira ni kitu chenye uhai, nayo yataka muda wa kuumua. Tena msitie magadi mahali pake, kwa kuwa magadi yataipa keki ladha ya sabuni. Beking pauda ni soda iliyochanganywa na kitu kikali kilichokaushwa; vikipata maji na joto hutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua keki. Bwana mmoja muuza dawa wa mji wa Birmingham, Uingereza, jina lake Alfred Bird, aliutengeneza unga wa namna hiyo mwaka 1843, kwa sababu mkewe hakuweza kula vitu vilivyoumuliwa kwa hamira bila kudhurika. Naona yafaa mabwana walisikie hilo. Kopo hili dogo lililomo madukani lilianza na mtu aliyetaka mkewe apate mkate usiomdhuru.

NAMNA YA KUPIMA

Hapana haja ya mizani ya duka. Chukueni fimbo iliyonyoka, mwifunge uzi katikati na kuitundika. Katika kila ncha tundikeni kopo, na makopo mawili yawe ya namna moja. Hakikisheni kwamba fimbo imekaa sawasawa. Kisha tieni mayai manne pamoja na maganda yake katika kopo moja, na unga katika kopo la pili mpaka fimbo isimame sawa. Huo ndio unga wenu. Fanyeni vivyo hivyo kwa sukari, na tena kwa siagi. Kanuni ni hii: unga, sukari na siagi, kila kimoja kiwe na uzito sawa na mayai. Mayai manne ya kadiri yana uzito wa gramu 200 hivi au kuzidi kidogo. Mkiwa na mayai makubwa, kila kitu kitaongezeka chenyewe. Mkiwa na madogo, kitapungua. Watoto wangu walipenda kazi hii kuliko zote, na kwa njia hiyo walijifunza hesabu bila kujua.

KUCHANGANYA

Osheni malimau vizuri, myafute. Paruzeni ganda lake kwa kiparuzio chenye matundu madogo, lakini chukueni rangi ya manjano peke yake. Ile nyeupe iliyo chini yake ni chungu, nayo itaharibu keki nzima. Harufu ya limau imo katika mafuta ya ganda. Maji yake huleta ukali. Kwa hiyo mtu atiaye maji tu bila ganda hupata keki iliyo kali lakini isiyonukia. Ndimu yaweza kutumika pia, ila ganda lake ni jembamba, nalo lataka uangalifu.

Pigeni siagi na sukari pamoja kwa mwiko mpaka zigeuke kuwa nyeupe na nyepesi. Kazi hii yataka dakika 10 au zaidi, na mkono utachoka. Hapo ndipo nilipomwita mwanangu wa kiume, kijana wa miaka 14, ambaye alidhani kwamba atasamehewa. Tieni ganda lililoparuzwa. Kisha tieni mayai, moja moja, mkipiga kila mara. Mchanganyiko ukianza kukatika, tieni kijiko kimoja cha unga.

Chekecheni unga pamoja na beking pauda na chumvi, mwutie kidogo kidogo. Tangu hapo msipige tena kwa nguvu. Geuzeni tu pole pole mpaka unga usionekane. Sababu yake ni kwamba unga wa ngano una kitu kinachonata, ambacho huongezeka nguvu kwa kukandwa. Chapati yataka kukandwa ili ivutike. Keki haitaki, kwa sababu itakuwa ngumu. Mwisho tieni maziwa na vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau, mwimimine mara moja katika sufuria ndogo iliyopakwa siagi na kutandikwa karatasi safi isiyo na wino. Msikawie, kwa maana ukali wa limau huiamsha soda papo hapo, na hewa yake ikipotea nje hairudi.

MOTO WA JUU NA CHINI

Watu wa pwani walijua kuoka kabla ya majiko ya stima hayajafika. Mkate wa mayai huokwa kwa moto wa juu na chini, na makaa hupaliwa juu ya kifuniko. Nasi tutafanya hivyo.

Chukueni sufuria kubwa na nzito, mtie mchanga mkavu na safi kadiri ya vidole viwili. Iwekeni juu ya jiko la makaa kwa muda wa robo saa, huku imefunikwa, mpaka mchanga upate moto. Hapo wekeni ile sufuria ndogo yenye keki juu ya mchanga, mfunike kwa kifuniko cha bati kilicho sawasawa, mpalie makaa juu yake. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Mtu akizidisha moto wa chini, keki huungua tako na ndani ikabaki mbichi.

Msifunue kabla ya nusu saa kupita. Najua hamu itawashika, lakini baridi ikiingia mapema keki huanguka. Baada ya hapo tazameni kila dakika 10. Kwa kawaida keki huiva kwa muda wa saa moja hivi. Chomeni kijiti chembamba katikati. Kikitoka kikavu, imeiva.

Nina onyo moja, nalo ni kubwa. Kazi hii ifanyeni nje, au mahali penye mlango na madirisha wazi. Makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu wengi wamekufa usingizini kwa kufunga jiko ndani ya nyumba. Keki isiwe sababu ya matanga.

Keki ingali moto, changanyeni maji ya limau yaliyobaki na vijiko vinne vikubwa vya sukari, mtoboe juu yake kwa kijiti, mmimine pole pole. Maji huingia ndani, na sukari hubaki juu kama ganda jembamba. Hayo ndiyo mapambo yake. Hapana haja ya maua.

SIKU YENYEWE

Tulichagua Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba, maana Novemba ni mwezi wa mvua zile, na mwaka 2021 ulikuwa wa 60 tangu mafuriko. Bwana wangu alikaa mbele ya jiko nje ya nyumba, saa mkononi, akawazuia watoto wasifunue. Nyanya alikaa kwenye kigoda karibu naye. Nilimwona akivuta harufu ya malimau, lakini hakusema neno.

Keki haikuanguka. Ilisimama sawasawa, na rangi yake ilikuwa kama ya mkate mzuri. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Watoto walitaka kuweka mishumaa, wakabishana juu ya idadi. Nilikumbuka tuliyoahidi, kwamba hatutahesabu. Basi tuliweka mshumaa mmoja tu, na mtoto wangu wa kike akasema, "Nyanya, huu ni wa ile mvua."

Hapo ndipo Nyanya alipoanza kusema. Alitueleza kwamba mama yake alimzaa katika kibanda cha jirani juu ya kilima, kwa sababu nyumba yao ilikuwa imeingiwa na maji. Baba yake alikuwa kazini ng'ambo ya mto, naye hakuweza kuvuka. Alimwona mtoto wake mara ya kwanza baada ya wiki tano, na alipofika alikuwa amebeba kopo la sukari kichwani ili lisilowe, kwa ajili ya uji wa mzazi. Bwana wangu aliyasikia hayo kwa mara ya kwanza, naye ni mwanawe wa tumbo. Alimwuliza, "Mama, mbona hukutuambia?" Akajibu, "Hakuna aliyeniuliza."

Mabibi na Mabwana, neno hilo nimelichukua mpaka leo. Tulikaa na mama huyu miaka mingi chini ya paa moja. Tulimlisha, tulimvika, tulimpeleka hospitali. Lakini hatukuwa tumemwuliza alikuja duniani kwa njia gani. Keki ilitupa nafasi ya kukaa chini. Keki ile niliyoichukua kwa mkopo haikufanya hivyo, kwa sababu ililetwa ikaliwa, na watu wakatawanyika. Hii ilitukalisha pamoja tangu asubuhi, huyu akipima, huyu akipiga mayai, huyu akichunga moto, na katika kungoja kwa namna hiyo watu huzungumza.

MANENO YA MWISHO

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. La kwanza, msikope fedha kwa ajili ya sherehe ya siku moja, pikeni mnachoweza. Asiye na mayai manne na aoke keki ya mayai mawili, kwa kuwa kanuni ya fimbo na makopo ni ile ile. La pili, kama nyumbani mwenu yumo mzee asiye na siku, mpeni siku. Mwulizeni alizaliwa wakati wa mvua gani, au wa njaa gani, au wa nzige gani, mkaandike katika daftari kabla habari hizo hazijapotea pamoja naye. La tatu, watoto wenu waandikisheni kwa serikali mara wanapozaliwa, bila kukawia, ili tarehe zao zisije zikachaguliwa na karani.

Mwaka uliofuata, mvua za vuli zilipokaribia, mimi nilikuwa na kazi nyingi, tena nilikuwa sijafikiri habari ya keki. Jioni moja Nyanya aliingia jikoni, akasimama mlangoni, akaniuliza kana kwamba ni jambo dogo, "Je, mwanangu, malimau yanapatikana sokoni siku hizi?"

Nikamjibu, "Yanapatikana, Mama."